Theluthi ya Kishada

Watu wa mtaa wa Langoni husema Idarus bin Jeilani alizaliwa juu ya soji, tandiko la punda. Mamake aliyakanusha maneno hayo mpaka anaingia kaburini, lakini hata yeye hakuweza kukanusha kwamba mwanawe hakuwahi kwenda kwa miguu mahali ambapo punda angefika. Kazi yake ni kubeba. Mchanga, simiti, mawe ya kujengea, makreti ya soda, godoro la bibi harusi, na siku moja friji ya mzungu iliyopitishwa vichochoroni imelala ubavu kama mgonjwa. Kazi hiyo aliipata kwa babake, na babake kwa babake, tangu zama ambazo Amu, yaani Lamu, haikuwa na kitu cha kunguruma isipokuwa bahari ikichafuka.

Zama hizo zimekwenda. Leo mtu anatoka msikitini akakuta pikipiki imeegemezwa kizingitini, na viatu vyake viko chini ya gurudumu. Vijana wanapita na waya masikioni, hawasikii similla wala adhana. Na hiyo similla ndiyo iliyokuwa sheria ya njia katika mji huu. Mwenye punda akiiita, mtu hujibanza ukutani akapisha. Asipoiita akamgonga mtu, kosa ni lake. Hushuka akaomba radhi, na kesho yake akapeleka samaki. Kesi ilianza na kwisha pale pale, na hakuna aliyeandika kitu. Sasa kila kitu kinaandikwa, na hakuna anayeomba radhi.

Idarus mwenyewe hakuwa mtu wa manung'uniko. Alikuwa mnene wa sauti na mwembamba wa mwili, mwepesi wa kucheka, na moyoni mwake mlikuwa na jambo moja tu: mashindano ya punda ya Maulidi. Babake, marehemu Jeilani, aliyashinda mpaka watu wakachoka kumshangilia. Ufito wake wa mkwaju bado umetundikwa juu ya mlango wa Idarus. Idarus naye alishindana kila mwaka, na kila mwaka kulikuwa na makalio ya punda mwingine mbele yake. Mwaka huu kamati ikatangaza kwamba kuanzia mwakani wapandaji watakuwa vijana peke yao. Wenye mvi wakae barazani watazame. Kwa hiyo hii ilikuwa mara yake ya mwisho, na kwa bahati ndiyo mara ya kwanza aliyokuwa na punda wa kushinda. Punda huyo aliitwa Kishada, dume la kijivu, jina alilopewa kwa sababu akishika mbio huonekana kama kishada cha watoto kilichokatika uzi.

Mazoezi yalifanywa asubuhi, jua linapochomoza, kwenye njia ya pwani, kabla wenye pikipiki hawajaamka. Asubuhi moja Kishada aliamka na nia yake. Alitoka gatini kama anafukuzwa, Idarus juu yake akiita, "Similla, similla, nisije nikawavunda," na wauza samaki wakajibanza huku wakicheka. Mbele yao alikuwa amesimama Yunusi, askari wa manispaa, kijana wa Faza, na mkononi alikuwa na kitu cheusi mfano wa bunduki. Ilikuwa mashine mpya ya kupimia mwendo, iliyoletwa kwa ajili ya pikipiki baada ya watu kugongwa. Yunusi aliielekeza kwa Kishada, labda kwa mchezo tu. Mashine ikalia.

"Mzee, simama," Yunusi akasema.

Kishada alisimama alipotaka, mbali kidogo, na Yunusi akalazimika kumfuata kwa miguu.

"Mbona husimami ukiambiwa?"

"Punda hana breki, mwanangu. Ana nia."

"Umepita na spidi mbaya sana. Mashine inasema umezidi."

"Mashine imemuuliza punda?"

"Mzee, mimi nafanya kazi. Ubao ule pale umeandikwa mwendo wa chombo chochote."

"Nimeita similla tangu gatini. Kuna niliyemgusa?"

"Similla haimo kwenye sheria," Yunusi akasema, na kwa haki yake, alisema kama mtu anayeona haya. Akaandika tiketi, akamkabidhi, kisha akaongeza neno lililomfanya Idarus ashuke chini. "Utakwenda mahakamani Jumatatu. Na jiandae, Mzee. Huenda punda akashikwa awe ushahidi mpaka kesi iishe."

"Kesi itakwisha lini?"

"Kesi za huku? Mungu ndiye ajuaye."

Na Maulidi ilikuwa inabisha hodi.

Idarus alimfunga Kishada, akaenda moja kwa moja kwenye baraza ya kahawa, kumtafuta Mzee Barka. Barka alikuwa tarishi wa mahakama maisha yake yote. Alibeba mafaili ya watu wengi hata akaamini kwamba sheria yenyewe ilimwingia kupitia kwapani. Alistaafu, lakini hakuacha kutoa hukumu.

"Usiseme hukukimbiza," Barka akamwambia, akipuliza kahawa. "Hilo husema kila mtu. Wewe sema pale si mahali pake."

"Mahali pa nani?"

"Pa kesi. Mahakama ina mipaka, kama shamba. Haya, nijibu. Punda ni wa nani?"

"Wangu."

"Ulimnunua?"

"Alizaliwa kwangu. Mamake aliachwa na marehemu baba."

"Na mirathi ya marehemu mligawa?"

Idarus alitazama kikombe chake. Barka akaachia tabasamu la mtu aliyevua changu mkubwa.

"Basi punda si wako. Na ushukuru Mungu kwamba si wako. Mama alikuwa mali ya mirathi, na mtoto hufuata mama. Mirathi ya Waislamu ni ya Kadhi. Hakimu hana ruhusa ya kushika hata sikio la punda huyo."

Watu wa baraza walipenda sana. Mmoja akalipa kahawa ya wote. Hakuna aliyeuliza mirathi hiyo ilikuwa na warithi wangapi, kwa sababu wote walijua, na ni adabu kutosema jambo linalojulikana. Adabu hiyo pia ni ya kale, na hiyo peke yake imebaki, kwa kuwa haina faida kwa yeyote.

Jumatatu chumba cha mahakama kilijaa. Hakimu alikuwa mama wa bara, mpole wa sura, aliyezoea kesi za mipaka ya mashamba na wezi wa injini za boti. Mwendesha mashtaka akasoma kosa, kisha akaomba punda azuiwe kama ushahidi. Idarus akasimama, kofia yake ya kazi kichwani, akasema kama alivyofundishwa.

"Mheshimiwa, nina pingamizi. Mahakama hii haina mamlaka juu ya punda huyu."

"Kwa nini haina, Bwana Idarus?"

"Ni mirathi isiyogawiwa. Mwenyewe amekufa."

"Aliyekuwa akimkimbiza amekufa?"

"La, Mheshimiwa. Huyo ni mimi."

Watu wakacheka, na hakimu akasubiri wanyamaze. Aliinama akaandika, akafikiri, akaandika tena. Kisha akasema bila haraka, "Mwendo uliofanyika njiani ni wangu, Bwana Idarus, na tutarudi kwake. Punda mwenyewe ni wa nani, hilo kweli si langu, na siwezi kumfungia mtu mali ambayo labda si ya mshtakiwa. Nenda kwa Kadhi, uniletee jawabu lake Alhamisi. Mpaka hapo punda asiguswe."

Idarus alitoka nje kama aliyeshinda uchaguzi. Walimtembeza Langoni nzima. Barka alitembea mbele, kifua wazi, akiwaeleza hata watoto maana ya mamlaka. Kishada alivishwa ua la asumini sikioni, akalila.

Siku ya pili Idarus akapanda ngazi za Kadhi, akidhani anakwenda kuchukua karatasi na kurudi.

Kadhi alimsikiliza mpaka mwisho, amefumba macho. "Hoja yako ni njema," akasema. "Marehemu Jeilani namkumbuka. Warithi wake ni nani?"

"Mimi, Sheikh."

"Na nani mwingine?"

Idarus alikohoa. "Na dada yangu, Bi Umulkheir. Yuko Matondoni."

"Yu hai?"

"Hai sana."

"Basi aje."

Hapo ndipo Idarus alipojua kwamba ametega mtego, akaingia mwenyewe.

Umulkheir alikuwa mkubwa wake. Aliolewa kijiji cha Matondoni, na siku ya kupelekwa, Jeilani mwenyewe alimpandisha juu ya punda wake mzuri kuliko wote akamwongoza kwa miguu. Na tangu hapo, kila Maulidi, Jeilani alikwenda kumchukua. Huo ulikuwa ndio utaratibu wa Amu: binti aliyeolewa nje ya mji hafiki Maulidi kama mgeni. Hufuatwa na babake, na baba akifa hufuatwa na ndugu yake, akaingia mjini juu ya punda wa kwao ili watu wajue ana kwao. Jeilani alipokufa, Idarus hakwenda. Mwaka uliofuata pia hakwenda. Umulkheir akawa anakuja kwa bodaboda, amekaa upande, buibui limekusanywa mkononi, na akimpita ndugu yake njiani huangalia bahari. Walisalimiana kwenye mazishi na harusi. Hawakugombana kamwe. Afadhali wangegombana.

Jumatano alikuja. Aliingia chumbani kwa Kadhi, mwanamke mfupi mpana, akaketi, akamsalimu Kadhi, akamsalimu Barka aliyekuja kutazama, kisha akamgeukia Idarus.

"Nasikia tuna punda."

"Tunaye, Dada."

"Na amefanya kosa."

"Amekimbia kidogo."

Kadhi akaeleza. Jike la marehemu lilikuwa la wote wawili, na Kishada ni vivyo hivyo: theluthi mbili za mtoto wa kiume, theluthi moja ya binti.

"Nakubali hukumu ya Mwenyezi Mungu," Umulkheir akasema. "Lakini nifahamishe, Sheikh. Hiyo theluthi yangu iko wapi, kitwani au mkiani?"

"Imo mwili mzima, Bi Umulkheir. Ndio maana ya ushirika."

"Kwa hivyo yeye akimpiga mbio, na theluthi yangu yaenda mbio bila ya idhini yangu."

"Ndivyo."

"Na karatasi ya askari, ni ya miguu mingapi?"

Kadhi aligeuza uso ukutani kwa muda. Barka alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Idarus alijaribu kuudhika akashindwa, kwa maana sauti ile na ulimi ule vilikuwa vya marehemu baba yao, na hakuwa amevisikia siku nyingi.

"Njia ni mbili," Kadhi akasema alipojikusanya. "Auzwe mgawane, au mshirikiane kwa siku."

Aliposikia kuuzwa, Idarus aligeuka. Alimtazama dada yake. Umulkheir hakuwa na haraka. Alirekebisha ukaya wake wa kichwani, akapangusa kidevu.

"Asiuzwe. Mimi nataka siku."

"Siku zipi?"

"Siku za Maulidi."

Idarus akasema polepole, "Dada, siku hizo ndizo za mashindano."

"Wanambia mimi? Nilikuwa nikimshikia baba hatamu kabla wewe hujajua kufunga kikoi." Akamgeukia Kadhi. "Andika, Sheikh. Siku za Maulidi punda ni wangu. Na mimi nampa huyu ruhusa ampande ashindane. Lakini siku ya kabla yake aje Matondoni anichukue, kama alivyokuwa akinichukua baba. Twende polepole. Na tusipite nyuma ya mji kama wezi. Tupite ndia ya pwani, nionekane."

"Unakubali, Idarus?" Kadhi akauliza.

Idarus alikubali kwa kichwa.

Alhamisi hakimu alisoma jawabu la Kadhi, na alipofika mahali pa siku za Maulidi akatabasamu. Akaamua kwamba punda mwenye wenyewe wawili, mmoja wao asiye na kosa lolote, hawezi kuzuiwa. Mwendesha mashtaka akakaa chini.

"Umeshinda hilo," hakimu akasema. "Sasa tuje kwenye mwendo. Unasemaje?"

Idarus alikuwa na pingamizi la pili, alilopewa na Barka asubuhi ile, kuhusu kama punda ni chombo. Lilikuwa refu na zuri. Alifungua kinywa. Nyuma yake, kwenye benchi, Umulkheir akakohoa kikohozi kimoja kikavu, kile kile alichokuwa akikikohoa utotoni wakati Idarus anataka kumwambia baba kwamba sukari imeliwa na paka.

"Nilimkimbiza, Mheshimiwa," Idarus akasema.

Hakimu alimwonya, akamhukumu kufagia njia ya pwani kwa siku kadhaa, hasa vile vitu ambavyo punda huviacha njiani. Barka aliona sheria imeharibika kabisa. Idarus alifagia akiimba.

Siku ya kabla ya mashindano alikwenda Matondoni. Alikwenda kwa miguu, akimwongoza Kishada kwa hatamu, soji jipya mgongoni na kitambaa chekundu shingoni. Wapiga soga wa njiani walimuuliza kama punda amevunjika au ni yeye aliyevunjika. Umulkheir alikuwa tayari mlangoni, amevaa vazi lake la kutolewa sandukuni siku kubwa, na ndani ya kitambaa alikuwa na mikate ya mofa ya moto. Kabla ya kumsalimu ndugu yake alimpa Kishada kipande. Kishada alitafuna, akamtazama mama huyu kwa makini, kisha akaweka paji lake kifuani pake.

"Huyu amlea nani?" Umulkheir akasema. "Ana adabu kukushinda."

Wakashika njia. Baada ya kupita mashamba ya minazi, Umulkheir akasema kutoka juu, bila kumtazama, "Mbona hukuya, Idarusi?"

"Mwaka wa kwanza nilikuwa na simiti ya watu gatini."

"Na wa pili?"

"Wa pili nilikuwa na haya ya mwaka wa kwanza."

"Na miaka yote hiyo iliyobakia?"

"Haya huzaa, Dada. Kama punda."

Umulkheir alicheka, Kishada akatikisa masikio, na hawakulisema tena.

Waliingia njia ya pwani mji ukiwa umejaa wageni wa Maulidi. Idarus alikuwa mbele na hatamu, akiita similla kwa sauti yake yote ingawa walikwenda mwendo wa jeneza. Umulkheir alikaa wima, akiwajibu salamu wanawake wa madirishani mmoja mmoja kwa majina, na wazee wa barazani walisimama, kwa sababu kitu hicho hawakuwa wamekiona siku nyingi na wengine walidhani hawatakiona tena. Nyuma yao pikipiki zikarundikana. Zikapiga honi, zikanguruma, na Kishada hakuongeza hata hatua. Yunusi akaja mbio na mashine yake.

"Mzee, mnazuia njia."

"Tupime," Idarus akasema.

Yunusi akaielekeza mashine. Akaitikisa. Akaielekeza tena. "Haisomi kitu."

"Basi nenda kwa hakimu ukamuulize kama kuna sheria ya polepole. Lakini ujue theluthi ni ya huyu, na huyu utazungumza naye mwenyewe."

Yunusi alimtazama Bi Umulkheir juu ya punda, Bi Umulkheir akamtazama Yunusi. Kijana akageuka akawaambia wenye pikipiki wazime injini. Kwa muda wa kutoka Langoni mpaka gatini, mji wa Amu ulisikika kama ulivyokuwa ukisikika: kwato, salamu, na mwanamume mmoja akiita similla. Ulikuwa muda mfupi. Mwenye kuusikia ameusikia.

Kesho yake mashindano yakaja. Idarus aliutungua ufito wa babake juu ya mlango. Kishada alitoka mwanzo kama amekatika uzi, akawaacha vijana wote nyuma, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Idarus hakuona makalio ya punda mwingine mbele yake. Aliona njia tupu, na mwisho wake bendera. Watu walipiga kelele za wazimu. Barka alikuwa amepanda juu ya ngazi ya mtu.

Na karibu na bendera, mbele ya umati, alikuwa amesimama Umulkheir na kitambaa chake cha mikate.

Kishada alimwona. Akapunguza mwendo, akaacha njia, akaenda moja kwa moja kwake, akasimama na kuweka paji kifuani. Idarus alimbembeleza, akamsihi, akaunyanyua ufito wa babake na akashindwa kuushusha. Vijana wakapita, mmoja, wawili, wote. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Theluthi imegoma," na kicheko kikaenda kutoka kwa mtu hadi mtu mpaka mwisho wa njia. Yunusi, aliyekuwa pale na mashine, alimpima Kishada kwa heshima zote na kutangaza kwamba leo Mzee Idarus hana kosa.

Idarus alibaki juu ya punda. Aliitazama bendera, ilikuwa karibu mno hata angeweza kuipigia chafya. Kisha alimtazama dada yake, aliyekuwa ameziba mdomo kwa ukaya, machozi yanamtoka kwa kucheka, na akashuka.

"Nipe na mimi huo mkate," akasema. "Sijala tangu alfajiri."

Umulkheir akautoa wa mwisho, akaukata. Vipande viwili akampa Kishada, kimoja akampa ndugu yake.

"Yeye mbili, wewe moya," akasema. "Leo mtoto wa kiume ni yeye."